Nani Alikuwa Kwenye Usukani

Baba yangu alitozwa faini mara mbili kwa kosa la kukimbiza gari, na mara zote mbili mguu uliokanyaga mafuta haukuwa wake. Naanza na hilo kwa sababu hapa Élisabethville maneno mengi yamesemwa juu ya saa za polisi za kupimia mwendo wa magari, magazetini, vilabuni, hata kwenye ngazi za kanisa baada ya misa, na katika maneno yote hayo sijamsikia mtu akiuliza swali ambalo mtoto yeyote angeanza nalo: aliyekuwa akiendesha gari ni nani?

Saa yenyewe ilikuwa kitu kidogo cha kushika kiganjani. Polisi walichora mistari miwili ya chokaa barabarani, mmoja mbali na mwingine. Askari mmoja alijibanza nyuma ya shina la jakaranda kwenye mstari wa kwanza na kibendera chake. Gari likipita, anakishusha. Mwenzake kwenye mstari wa pili alibonyeza saa mara mbili, mwanzo na mwisho. Kando yao mzungu mmoja wa polisi alikaa kwenye kiti cha kukunja, akasoma saa na kuandika namba ya gari. Basi. Gari lilienda zake.

Siku za mwanzo walijaribu kuyasimamisha magari. Askari mweusi akanyoosha mkono mbele ya gari la bibi mmoja wa kizungu, na wazungu wa mji mzima wakawaka. Mtu mweusi kumsimamisha bibi barabarani! Polisi wakaona ni heri kuandika namba tu, kisha kumpelekea mwenye gari karatasi nyumbani.

Wazungu walipata dawa ya karatasi hiyo upesi sana. Mwenye gari alijibu kwa mstari mmoja: siku hiyo aliyeendesha ni dereva wangu. Nimewasikia kwa masikio yangu wakifundishana dawa hiyo mbele ya posta, wakicheka, kama watu wanaofundishana jinsi ya kutoa doa la divai kwenye kitambaa cha meza. Hawakuiona kuwa uongo. Dereva si analipwa? Basi na hili limo katika kazi yake.

Bwana wa baba alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa, mwenye duka kubwa katikati ya mji. Hakuwa mtu wa kupiga wala kutukana. Koti nililovaa siku ya kwanza kuingia chuo kikuu lilikuwa lake. Mama alilipunguza mabega. Bwana huyo alimnunulia baba glavu nyeupe za udereva, na kila mwaka mpya alitupelekea mfuko wa sukari. Nayasema haya ili ieleweke kwamba hasira yangu haikutokana na ukatili wake. Angekuwa mkatili ningelala vizuri zaidi.

Alikuwa na gari la Kimarekani, jekundu, refu kama mtumbwi, na alilipenda kuliko chuma kinavyostahili kupendwa. Kwa hiyo aliliendesha mwenyewe. Baba, dereva wa kuajiriwa, mwenye kofia na glavu, alikaa kando yake mikono magotini. Kazi yake hasa ilikuwa kulilinda gari likiwa limesimama, kuliosha, kulirudisha nyumbani bwana akiwa amekunywa, na kuwa yeye ndiye aliyeendesha kila karatasi ya polisi ilipofika.

Madereva wa mji walikuwa na njia yao. Aliyetoka kuuona mtego alitoa mkono dirishani na kuupiga mlango wa gari lake kwa kiganja, pa, pa. Dereva anayekuja alielewa na kupunguza mwendo. Wazungu hawakuijua alama hiyo, na hakuna dereva aliyewaambia. Ila baba alikuwa abiria. Angeiona alama, na usukani uko mikononi mwa bwana. Basi akabuni lake.

"Bwana," angesema, "tairi ya nyuma inasikika mubaya."

Bwana anaondoa mguu kwenye mafuta, anatega sikio. Gari linaupita mstari wa kwanza polepole, linaupita wa pili. Yule wa kiti cha kukunja anapiga mwayo.

"Sisikii kitu," anasema bwana.

"Sasa imenyamaza, Bwana."

Bwana alibadilisha matairi ya nyuma mara nyingi kuliko mtu yeyote mjini. Aliwalalamikia hata wauzaji kwamba matairi yao yanalia kwenye barabara fulani tu. Baba alikuwa akitusimulia hayo wakati wa kula, mama akacheka mpaka akaweka chini kijiko cha kupakulia bukari, ugali wetu. Mimi sikucheka. Nilimuuliza kwa nini mtu mzima abuni uongo juu ya tairi ili mtu mwingine asivunje sheria.

"Mutoto," alisema, "ile tairi ndiyo inakusomesha."

Lakini tairi halikusaidia kila siku. Mara mbili mtego uliwekwa mahali papya ambapo hapakuwa na dereva wa kuonya. Mara mbili karatasi ikaja, bwana akaandika mstari wake, na baba akaenda kwenye baraza la polisi kusema ndiyo, ni mimi. Faini yenyewe bwana alilipa. Huo ndio uungwana wake. Lakini kosa liliandikwa kwa jina la baba, na kwenye kosa la tatu permi, yaani leseni ya udereva, inachukuliwa.

Nani asiyejua maana yake? Bila permi baba hana kazi. Bila kazi hana haki ya nyumba ya sité, mtaa wa sisi weusi, wala haki ya kukaa mjini. Angerudishwa "kwao", kaskazini ya Katanga, mahali ambapo babu yangu aliondoka kijana kuja kutandika reli na ambapo baba mwenyewe hajalala hata usiku mmoja. Angeambiwa alime. Baba, ambaye alijua kukaza mkanda wa feni lakini hakujua jembe linashikwaje.

Mjadala ulikuwa umepamba moto wakati huo. Katika gazeti la wazungu, ukurasa wa barua za wasomaji haukuwa na jambo lingine. Mmoja aliandika kwamba kujificha nyuma ya mti ni tabia ya mwizi, si ya serikali. Mwingine kwamba mtu aliyejenga nchi hii kwa jasho lake anastahili kufika kazini kwa mwendo anaoutaka. Wachache walitetea saa. Daktari mmoja alikumbusha juu ya watu wanaokanyagwa na magari. Akajibiwa kwamba wanaokanyagwa ni wale wasiojua kutembea barabarani. Wote tulielewa ni akina nani hao wasiojua kutembea.

Kwetu pia jambo hilo lilijadiliwa, kwenye klabu ya weusi tuliosoma, tulioitwa "walioendelea". Jioni moja waliandika ubaoni kwa Kifaransa kizuri: saa ya polisi, je, ni shule ya nidhamu? Karani mmoja wa posta, tai shingoni, alizungumza kwa muda mrefu akisifu. Alisema mashine haina rangi. Alisema saa haijui mweusi wala mweupe. Watu walipiga makofi.

Nilisimama. "Kati yetu humu, nani ana gari?"

Mtu mmoja nyuma akasema, "Miye niko na kinga, lakini haina pampu," na watu wakacheka, maana kinga kwetu ni baiskeli.

"Basi tunajadili nidhamu ya nani?" nikauliza. "Saa haijui rangi, sawa. Saa inajua namba ya gari. Rangi inaingia baadaye, kwenye jibu la barua. Baba yangu..."

"Mwanafunzi, kaa chini," alisema mwenyekiti. "Hapa hatufanyi siasa."

Nilikaa. Nilikuwa nimevaa lile koti la bwana, na ghafla lilinibana makwapani.

Sasa nifike kwenye ile Jumapili.

Ilikuwa Jumapili ya Sakramenti, siku ambayo Wakatoliki wa mji mzima hufanya maandamano. Padri hubeba Sakramenti, ule mkate uliowekwa wakfu, na juu yake hubebwa paa la kitambaa cheupe chenye nyuzi za dhahabu, likishikwa kwa nguzo nne na wanaume wanne. Kuwa mmoja wa wale wanne ni heshima kubwa sana katika parokia yetu. Baba alikuwa na nguzo ya nyuma, upande wa kulia. Padri mwenyewe alimchagua kwa sababu ya urefu wake. Alivaa glavu zake za udereva, mama alikuwa amezichemsha na kuzipiga pasi mpaka zikawa kama karatasi.

Mimi sikwenda. Niseme wazi, siamini, na nilikuwa nimeshamwambia baba kwamba anabeba hema la mkate. Alinitazama kama anavyotazama injini inayotoa mlio asioujua.

Maandamano yalitoka saa ya misa ya pili, yakapita barabara kubwa, mbele ya posta, mpaka kanisa kuu. Nyuma ya paa walitembea wakubwa wa mji, na wa kwanza wao kamishna wa polisi, upanga kiunoni. Mji mzima uliwaona.

Wakati ule ule, kwenye barabara ya Kafubu, gari jekundu la Kimarekani lilikatiza mistari miwili ya chokaa. Bwana alikuwa anakwenda kula nyama ya kuchoma na wenzake nje ya mji, bila dereva, kwa kuwa dereva wake aliomba ruhusa ya kubeba Sakramenti na yeye mwenyewe akampa. Na karatasi ya polisi ilipofika dukani, bwana aliandika alichozoea kuandika. Sidhani kama aliitazama tarehe. Mtu anapofuta jasho hatazami ni jasho la saa ngapi.

Baba alileta wito wa baraza nyumbani, akauweka mezani, akaketi. Mama hajui kusoma, lakini alimtazama usoni.

"Ya tatu?" aliuliza.

"Ya tatu."

Nilisoma. Nilisoma tena. Niliruka kutoka kitini. "Lakini hii ni Jumapili ya Sakramenti! Saa ile ile!"

Mama alishika kiuno. "Ulibeba Mungu na kuendesha motoka saa ile moja? Eh, basi weye ni mutakatifu, mume wangu. Batakuchora ku dirisha ya kanisa, mukono moja ku nguzo, mukono moja ku usukani."

Baba alicheka kidogo, na kicheko kikamfia mdomoni.

"Ni rahisi," nilisema. "Unakwenda barazani, unasema hukuwa wewe. Mji mzima ni shahidi."

"Nikisema si miye, nasema ni nani?"

"Hutaji mtu. Unasema si wewe."

"Mu ile motoka tuko babili tu. Kama si miye ni Bwana. Nikisema Bwana iko muongo, kesho niko na permi lakini sina motoka ya kuendesha. Nikinyamaza, niko na Bwana lakini sina permi. Weye unasoma kule, banakufundisha hesabu ya namna ile?"

"Kwa nini hukusema kitu mara ya kwanza? Na mara ya pili? Ungesema wakati ule..."

"Nyamaza," alisema mama. Nadhani alituambia sote wawili.

Nilikwenda kwa padri. Niliona hapo pana njia: padri akisema tu neno moja, hata kwa simu, baba hatalazimika kufungua kinywa. Padri wetu alikuwa mzungu wa ndevu ndefu, mwenye Kiswahili safi kuliko cha wengi wetu. Alinikaribisha vizuri. Aliniuliza kwa nini hanioni misani. Nikamweleza.

Alichezea msalaba wake.

"Mwanangu," alisema, "siku ile macho yangu yalikuwa kwenye Sakramenti. Sikutazama nguzo."

"Padri, wewe mwenyewe ulimpa ile nguzo."

"Nilimpa. Lakini nilikuwa nimempa mgongo. Kama aliiacha njiani kwa mtu mwingine, ningejuaje?"

"Unaamini aliiacha njiani?"

"Sisemi ninaamini nini. Yule bwana ni mtu mwema kwa parokia. Kengele ya pili ya kanisa ni yeye aliyeitoa." Akatabasamu kwa huruma. "Ninyi vijana wa chuo kikuu mnapenda mashahidi. Imani haihitaji mashahidi."

"Imani haihitaji, padri. Permi inahitaji."

Niliondoka bila kuaga. Ninajua kwamba kuna watu watakaosoma hapa na kusema nimemkosea heshima mtumishi wa Mungu. Watu hao na waniambie mtumishi wa Mungu alimfanyia nini baba yangu, aliyembebea kivuli juani tangu kanisa letu mpaka kanisa kuu.

Siku ya baraza baba alivaa suruali yake ya kazi na shati jeupe. Glavu alizitia mfukoni, sijui kwa nini. Bwana hakuja, karatasi yake ilimtosha. Mimi nilikaa benchi la nyuma na watu wengine wa kesi ndogondogo. Mezani alikuwepo jaji, tunayemwita zuzi, mzungu mnene aliyechoka na joto. Upande wa mashtaka alikaa kamishna wa polisi, yule yule, sasa bila upanga. Na mkalimani wa kwetu, tai shingoni, kalamu sikioni.

Zuzi alisoma haraka, bila kuinua macho. Gari fulani, namba fulani, Jumapili fulani, barabara ya Kafubu. Mwendo mkubwa. Kosa la tatu. Mshtakiwa anakiri?

Mkalimani alitafsiri, kisha akaongeza kwa sauti ya chini, kama anayesema na baba yake, "Sema ndiyo, tata, tuende tukakule."

Baba aliitazama mikono yake. Zuzi akainua macho kwa mara ya kwanza, nami nikajua, kwa uhakika wa mtu anayelijua jambo baya, kwamba baba anataka kusema ndiyo. Mdomo ulikuwa umeshaanza.

"Siku gani?" aliuliza baba.

"Ameshasema," alijibu mkalimani. "Jumapili ya Sakramenti."

"Hapana," alisema baba.

"Hapana nini?"

"Ile siku hapana. Siku zingine baandike bile banapenda. Ile siku miye sikukuwa mu motoka. Nilikuwa nabeba Sakramenti."

Mkalimani alisafisha koo na kumwambia zuzi kwa Kifaransa kwamba mshtakiwa anadai alikuwa kanisani.

"Hakusema hivyo!" nilipiga kelele, kwa Kifaransa, nimesimama. "Amesema alibeba nguzo ya paa la Sakramenti, katikati ya mji, mbele ya watu wote!"

Zuzi aligonga meza. Nikiongea tena nitatolewa. Lakini alikuwa amesikia, na sasa alimtazama baba kwa udadisi. Kuna mtu aliyemwona?

Mkalimani aliuliza. Baba aligeuka taratibu kuelekea meza ya mashtaka, na bila dharau hata chembe, kama anayemjulisha mtu kwa rafiki, alisema:

"Bwana Komiseri. Alikuwa nyuma yangu. Pale ku posta alinikanyaga kisigino. Akaniambia pardon."

Benchi letu lilipasuka kwa kicheko. Mwanamke mmoja aliyeshtakiwa kwa kupika pombe alijipiga magotini kwa viganja. "Eh, komiseri ya polisi nayeye alikimbia mingi!" alisema, na askari wa mlangoni akageuza uso ukutani mabega yakimtikisika.

Kamishna aliangalia buti zake. Masikio yalikuwa mekundu. Zuzi alimuuliza kama ni kweli.

"Inawezekana," alisema kamishna.

Hilo tu. Inawezekana. Mtu aliyetembea nyuma ya mgongo wa baba yangu asubuhi nzima, akamkanyaga, akamwomba radhi, alijua kwa yakini kwamba baba hakuwa Kafubu. Na neno alilolipata ni hilo.

Sasa zuzi alikuwa na gari jekundu lililokimbia, na dereva ambaye hakuwemo. Hesabu iliyobaki ni ndogo. Nilimwona akilifikia wazo lenyewe, nikamwona akirudi nyuma, kama mtu aliyekuta mlango wa chumba cha mwenzake uko wazi. Akamwamuru karani aandike: namba ya gari ilisomwa vibaya na askari. Kesi imefutwa.

Imefutwa! Gari halikuwepo. Hakuna aliyekimbia barabara ya Kafubu. Mzungu wa kiti cha kukunja ndiye huandika namba, lakini aliyekosea ni askari mweusi mwenye kibendera, na bila shaka alikaripiwa siku hiyo hiyo. Nilitaka kusimama tena, lakini baba alikuwa ameshainamisha kichwa na kumshukuru zuzi.

Permi ilikuwa salama. Nje, kwenye jua, alivaa glavu zake, akazivua tena.

"Kwa nini leo?" nilimuuliza. "Mara mbili ulisema uongo kwa ajili yake. Leo ukaweza. Kwa nini leo?"

Alifikiri. "Zile siku sikukuwa na kitu mu mikono."

Watu niliowasimulia jibu hilo huliona zuri. Mimi lilinichoma, na linanichoma bado. Maana yake ni kwamba mwili wake mwenyewe, jina lake, nyumba yetu, mama yangu, havikutosha kumfanya aseme hapana. Ilibidi awe amebeba kitu cha mtu mwingine. Nani alimfundisha hivyo? Najua waliomfundisha. Niliwataja hapo juu.

Bwana alimwachisha kazi mwisho wa mwezi. Hakugomba. Alisema anahitaji dereva ambaye mambo yake hayafiki magazetini, kwa sababu yalikuwa yamefika kweli, na hapo ndipo mjadala ulipogeuka kuwa kichekesho kisichochekesha. Gazeti la wazungu liliisikia kesi. Barua zikamiminika. Angalieni, ziliandika, angalieni ubaya wa saa hizi: mwenyeji mcha Mungu, mnyenyekevu, aliyekuwa akibeba Sakramenti, ameburutwa barazani kwa kosa la mashine! Leo ni yeye, kesho ni sisi! Wale wale. Waliomtumia baba kukwepa faini sasa walimtumia kuiondoa saa yenyewe. Walikusanya majina kwa ajili ya ombi kwa serikali ya mji, na madereva wa dukani walimhakikishia baba kwamba bwana wake wa zamani alitia lake.

Siku ya kuondoka bwana aliomba zile glavu. Ni za dereva, alisema, na dereva mpya anakuja. Mama alizifua, akazipiga pasi, akazirudisha mwenyewe, akampa mpishi mlangoni bila salamu.

Ombi lilishinda. Saa ziliondolewa kwenye barabara za jakaranda. Hazikutupwa, zilihamishiwa kwenye mteremko wa kuingia sité, ambako jioni watu wanashuka na baiskeli kutoka kazini. Huko hakuna anayeogopa kusimamisha mtu. Askari ananyoosha mkono, unasimama, unalipa pale pale. Baiskeli haina kiti cha pembeni cha kumweka wa kumtaja. Na yule karani wa posta aliyesifu nidhamu kule klabuni alisimamishwa akiwa juu ya baiskeli yake wiki za mwanzo kabisa. Nilimwona akibishana, tai ikiwa imepeperukia begani. Ningependa kusema nilimhurumia.

Baba alipata kazi ya lori. Sasa anabeba samaki wakavu kutoka Pweto, njia ndefu ya vumbi jekundu, na harufu yake haitoki nguoni hata mama afanyeje. Likizo iliyopita nilisafiri naye. Nilidhani huko, mbali na mistari ya chokaa, nitamwona hatimaye akiendesha.

Tulikwenda kama jeneza. Njia imenyooka, hakuna mtu, hakuna mbuzi, na mkono wa kipimo cha mwendo umelala chini. Malori mengine yalitupita moja baada ya jingine, yakitumwagia vumbi. Kijana mmoja juu ya magunia alitupigia kelele, "Eh tata! Ni nani alikufa?" Mwingine akapiga ishara ya msalaba na kuinama kwa huzuni mpaka wakapotea.

Kwa sababu makosa mawili ya kwanza yapo palepale, kwa jina lake. Zuzi alifuta la tatu tu. Mtu ambaye maishani mwake hajawahi kukimbiza gari anaendesha kwa mwendo wa mwanamke aliyebeba maji kichwani, kwa sababu mtu mwingine alikimbia mara mbili, naye yumo ndani ya gari lake jekundu mjini hajui hata kama jambo hilo lipo.

Nilimwambia yote hayo, kwa sauti, juu ya mlio wa injini. Nilimwambia aende kupinga yale mawili pia. Nilimwambia nitamwandikia mimi, kwa Kifaransa ambacho hawatakipatia kosa. Nilimwambia walau akanyage mafuta, hapa hakuna askari, hapa hakuna mtu, akanyage mara moja tu nisikie lori hili linasemaje.

Alisubiri nimalize. Mbele yetu lori jingine lilikuwa linakuja kutoka upande wa mji, na dereva wake akatoa mkono dirishani, akapiga mlango, pa, pa. Sijui aliona nini huko. Pengine alikuwa anatusalimu. Baba alipunguza mwendo zaidi.

"Baba!"

"Weye iko na permi?" aliniuliza, macho barabarani.

"Sina."

"Basi nyamaza."